Bingwa yuko mbali, mgonjwa yuko hapa: namna ya kuanzisha tiba mtandao katika hospitali ya wilaya

Mwongozo huu wa tiba mtandao, yaani kumwomba bingwa aliye mbali ushauri wa mgonjwa kwa simu au kompyuta, ni wa tabibu, daktari au muuguzi wa hospitali ya wilaya au kituo cha afya, mahali ambapo mgonjwa akiandikiwa rufaa, familia hukaa kikao kwanza kujadili nauli. Pia ni wa daktari bingwa aliyeko Muhimbili, Nairobi, Muscat au Manchester anayetaka ujuzi wake ufike huko bila kusubiri likizo yake ya mwaka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anzeni na picha nzuri na swali lililoandikwa vizuri. Luninga kubwa ukutani na mitambo ya mamilioni vitafuata baadaye kama vitahitajika, na mara nyingi havihitajiki.

Nasema hivyo kwa sababu jambo hili limeshajaribiwa. Julai 1999, shirika dogo la hisani la Uingereza, Swinfen Charitable Trust, lilikiunganisha kituo cha kurekebisha watu waliopooza, kilichoko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, na madaktari bingwa wa ng'ambo. Vifaa vilikuwa kamera ya dijitali, kompyuta na barua pepe. Mwaka wa kwanza walituma wagonjwa 27 tu. Lakini maswali yote yalijibiwa ndani ya siku tatu, na karibu saba katika kila kumi yalijibiwa ndani ya siku moja. Simu iliyomo mfukoni mwa muuguzi wa leo ina kamera bora kuliko ile ya Savar. Hata kwetu wazo lenyewe si geni: miaka mingi kabla ya simu za mkononi, zahanati za misheni zilikuwa zikiuliza ushauri wa mgonjwa kwa redio ya upepo kupitia Amref, shirika la madaktari warukao lililoanzishwa mwaka 1957.

Tiba mtandao ina njia mbili. Ya kwanza ni kuonana moja kwa moja kwa video. Ya pili ni kutuma na kusubiri: unakusanya maelezo na picha, unatuma, bingwa anajibu akipata nafasi. Mwongozo huu unahusu zaidi hiyo ya pili. Haihitaji mtandao wenye kasi, haiwalazimishi watu wawili wenye shughuli nyingi kukutana dakika ileile, na inaacha maandishi ambayo mwenzako wa zamu ya usiku anaweza kuyasoma.

Hatua ya kwanza: chagua tatizo moja

Fungua rejista ya rufaa ya miezi sita iliyopita. Usimwulize mtu maoni yake, soma rejista. Tazama ni wagonjwa wa aina gani wanaopelekwa mbali mara nyingi, na katika hao ni wangapi wangetibiwa hapohapo kama mngekuwa na mtu wa kuwaambia la kufanya. Hilo ndilo kundi la kuanza nalo.

Kwa hospitali nyingi, pendekezo langu ni magonjwa ya ngozi. Ngozi hupigika picha, mgonjwa wake mara nyingi anaweza kusubiri siku mbili, na dawa nyingi zake zipo kwenye stoo ya kawaida. Nafasi ya pili naipa picha za eksirei za mifupa, hasa sehemu zenye ajali nyingi za bodaboda. Msianze na fani tano kwa mpigo. Fani moja ikizoeleka, ya pili hujifungua yenyewe, kwa sababu watu wameshajua kuuliza.

Hatua ya pili: tafuteni watu, na mwanzie karibu

Watu wengi wakisikia tiba mtandao hufikiria Ulaya na Marekani. Ningewasihi waangalie nyumbani kwanza. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoko hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Anayefanya kazi pale ameona ukoma, matende, na saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino kuliko mabingwa wengi wa London watakavyoona maisha yao yote. Anajua ni dawa gani zipo Bohari ya Dawa na ni zipi za kwenye vitabu tu. Zaidi ya hayo, mgonjwa akizidiwa, huyo ndiye atakayempokea. Kwa moyo kuna Taasisi ya Jakaya Kikwete, kwa mifupa na ubongo kuna taasisi ya MOI iliyoko Muhimbili, kwa saratani kuna Ocean Road. Kanda ya Ziwa wana Bugando.

Bingwa wa ng'ambo ana nafasi yake pale fani inapokuwa haba nchini: kwa mfano magonjwa ya kurithi ya watoto, usomaji wa vipande vya nyama vya uchunguzi wa saratani, au magonjwa adimu ya neva. Hapo ndipo madaktari wetu walioko Oman, Uingereza na Amerika Kaskazini wanapofaa sana, kwa kuwa wanaielewa lugha ya mgonjwa na mazingira aliyotoka.

Mkishawapata watu, mteueni msimamizi mmoja upande wa hospitali. Hapa ndipo huduma nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Msimamizi si lazima awe daktari, muuguzi makini anatosha. Kazi yake ni kuangalia kila swali kabla halijatumwa, kujua limeenda kwa nani, na kumkumbusha bingwa likikaa bila jibu. Muda wa kujibu ukubaliwe kwa maandishi. Siku mbili za kazi ni makubaliano mazuri. Siku hizo zikipita, msimamizi anampelekea bingwa wa pili bila kuomba radhi. Kwa hiyo kila fani iwe na mabingwa wawili au zaidi. Bingwa mmoja peke yake ana safari, ana misiba, ana mitihani ya wanafunzi, na siku tabibu atakapouliza mara tatu asijibiwe ndiyo siku atakayoacha kuuliza.

Msiitegemee kampuni moja kubeba kila kitu. Rwanda ilikuwa na huduma ya Babyl tangu 2016, ikaandikisha watu zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka, huduma ilisimama. Mikataba mikubwa ni kazi ya wizara. Ninyi hakikisheni kwamba kumbukumbu za wagonjwa wenu na namba za mabingwa wenu ziko mikononi mwenu.

Hatua ya tatu: andikeni ukurasa mmoja unaoieleza hospitali

Ukurasa huu kila bingwa mpya aupate kabla ya swali la kwanza. Uandike vipimo ambavyo maabara inafanya kweli, siyo vilivyobandikwa ukutani. Eleza kama eksirei na ultrasaundi vinafanya kazi. Taja dawa za fani husika zilizopo, zinazopatikana kwa kununua dukani, na zisizopatikana kabisa. Damu ya kuongeza ipo? Chumba cha upasuaji kinafanya nini na hakifanyi nini? Hospitali ya rufaa iko umbali gani, barabara ya masika ikoje, na mgonjwa hulipa kiasi gani kufika huko?

Bila ukurasa huu mtapata majibu mazuri yasiyotekelezeka. Bingwa ataandika "fanya MRI" kwa sababu kwake kipimo hicho ni ghorofa ya chini. Akiujua ukurasa wenu ataandika: "MRI ingefaa, lakini kwa kuwa hamna, mpime nguvu za miguu kila asubuhi na umtume akishindwa kusimama." Jibu la namna hii ndilo mnaloweza kulifanyia kazi kesho yake asubuhi. Uhuisheni ukurasa kila baada ya miezi mitatu, maana mashine huharibika na dawa huisha.

Hatua ya nne: vifaa

Simu janja moja ya hospitali, yenye namba ya siri, isiyoondoka kwenda nyumbani na mtu yeyote. Bando lilipwe na hospitali, siyo na tabibu kutoka mfukoni mwake. Jambo hili linaonekana dogo, lakini huduma inayoendeshwa kwa vocha za watumishi haifiki mwaka. Ongezeni rula fupi, kitambaa cha rangi ya bluu au kijani kama kile cha chumba cha upasuaji, na chaja ya akiba au sola kwa siku umeme unapokatika. Vinatosha.

Upande wa programu, mifumo maalumu ya kutumiana taarifa za wagonjwa ni bora, na wizara au hospitali ya rufaa ikiwapa mmoja, tumieni huo. WhatsApp ndiyo watu wengi wanayoitumia, kwa hiyo niseme ukweli wake. Hubana picha mpaka vitu vidogo vinapotea, basi picha muhimu itumeni kama waraka ili ifike na ubora wake. Zimeni mpangilio unaohifadhi kila picha kwenye galari ya simu, na fungeni nakala za akiba kwa nywila. Usipeleke kamwe mgonjwa kwenye kundi la watu mia moja. Kundi liwe la watu mnaowajua kwa majina na kwa kazi zao.

Hatua ya tano: ridhaa ya mgonjwa na sheria

Taarifa za afya ni taarifa nyeti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya kulinda data ya mwaka 2019 na sheria ya afya ya kidijitali ya 2023. Sheria hizi zinagusa pia taarifa zinazovuka mpaka, kwa hiyo kabla ya kutuma ng'ambo, mganga mfawidhi amwandikie mganga mkuu wa wilaya na mpate kibali kilichoandikwa. Iandikeni pia hii: bingwa wa mbali ni mshauri, na anayewajibika kwa mgonjwa ni yule aliyemshika mkono. Bingwa anayetaka kumtibu mgonjwa moja kwa moja, si kumshauri tabibu, lazima awe na usajili wa baraza la madaktari la nchi ya mgonjwa.

Kuhusu ridhaa, msimpe mgonjwa karatasi asaini huku amesimama mlangoni. Kaa naye, umwambie kwa maneno ya kawaida:

"Shikamoo mama. Ningependa kupiga picha hili baka la mkononi, nimtumie daktari bingwa wa ngozi aliyeko Moshi anisaidie kujua ni ugonjwa gani. Uso wako hautaonekana, na jina lako sitaliandika. Ukikataa nitaendelea kukutibu vilevile. Unaridhia?"

Mwache aulize. Wengi huuliza kama picha itawekwa mtandaoni, na ni swali la haki kabisa. Mwonyeshe picha uliyopiga kabla hujaituma. Kisha aweke saini au dole gumba kwenye faili. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto mwenye akili ya kuelewa naye aelezwe. Sehemu za siri zipigwe tu pale pasipo na njia nyingine, mbele ya shahidi wa jinsia ya mgonjwa. Badala ya jina tumieni namba ya huduma, na daftari linalounganisha namba na jina likae kabatini, chini ya ufunguo.

Hatua ya sita: picha

Picha mbaya ni hatari kuliko kukosa picha, kwa sababu humpa bingwa ujasiri asiostahili kuwa nao. Hii ndiyo sehemu ya kufanyia mazoezi wiki nzima kabla ya kutuma mgonjwa wa kwanza. Pigianeni mikono yenu wenyewe.

Kwa ngozi, msogeze mgonjwa karibu na dirisha mchana, pasipo jua la moja kwa moja, na zima mwako (flashi) wa kamera. Tandika nyuma yake kile kitambaa cha bluu au kijani. Shuka jeupe lina tatizo lake: kamera hujirekebisha kwa weupe ule, na ngozi nyeusi hutoka kama kivuli, bila chochote cha kuonekana. Gusa kioo cha simu juu ya ngozi yenyewe ili kamera ilenge hapo na kupima mwanga wa hapo. Piga picha tatu. Moja ya mbali, ionyeshe ugonjwa umekaa wapi mwilini. Moja ya kati. Moja ya karibu, rula ikiwa pembeni. Kama upande wa pili wa mwili ni mzima, piga nao, bingwa apate cha kulinganisha.

Kwa bingwa aliyesomea na kufanya kazi Ulaya, ongeza maneno. Vitabu vingi alivyosoma vina picha za ngozi nyeupe, na wekundu anaoutafuta kwenye ngozi yetu huonekana zambarau, kahawia iliyoiva au kijivu. Mwambie unachokiona kwa macho, na unachokihisi kwa kidole: pana joto, pagumu, pamevimba, panauma?

Kuna vitu ambavyo kamera haivioni kabisa. Ukoma ni mfano mkubwa. Picha itaonyesha baka lililopauka, ambalo laweza kuwa fangasi, upungufu wa lishe au alama ya kuzaliwa. Ganzi haipigiki picha. Lazima uchukue pamba, umfumbe mgonjwa macho, umguse ndani ya baka na nje yake, aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Lazima upapase neva nyuma ya kiwiko na pembeni ya goti. Mkono wa tabibu wa wilayani ndiyo kipimo hapo, na hakuna bingwa duniani anayeweza kukifanya akiwa mbali.

Kwa eksirei ya filamu, ining'inize kwenye boksi la taa. Kama boksi limekufa, fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta na uibandike filamu hapo. Zima taa za chumba, zima mwako wa kamera, simama sawasawa mbele ya filamu bila kuinama. Funika jina la mgonjwa, lakini alama ya kulia au kushoto iachwe ionekane. Mfupa uliovunjika upigwe eksirei ya mbele na ya ubavu, na kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko vyote viwemo. Kama mashine yenu ni ya dijitali, toeni faili lenyewe, kwani kupiga picha kioo cha kompyuta huleta mistari inayoweza kudhaniwa ufa.

Kipimo cha umeme wa moyo kilazwe mezani kikiwa kimenyooka, na alama za kasi na kimo, yaani milimita 25 kwa sekunde na milimita 10 kwa milivolti, zionekane. Ultrasaundi tuma video fupi. Picha moja ya ultrasaundi haimsaidii sana ambaye hakuishika mashine.

Hatua ya saba: swali

Huu ni ujumbe ambao mabingwa hupokea kila siku: "Habari Dk., naomba msaada wako kwa mgonjwa huyu," na picha moja yenye ukungu. Bingwa mwenye huruma atauliza maswali kumi, mtaandikiana siku tatu, na mgonjwa atakuwa ameshapanda basi kurudi kijijini.

Sasa soma huu, ambao nimeutunga kwa mfano:

"Na. 014. Mwanamke, miaka 41, mkulima wa mpunga. Mabaka 3 yaliyopauka, 2 mgongoni na 1 mkono wa kushoto, miezi 8 sasa. Hayawashi. Alipaka krimu ya fangasi wiki 4, hakupata nafuu. Kwa pamba: ndani ya mabaka hasikii, nje anasikia. Neva ya kiwiko cha kushoto ni nene na inauma ikiguswa. Kidole kidogo cha mkono huohuo kimelegea, wiki 3. Macho na miguu sawa. Si mjamzito, VVU hasi, sukari ya kawaida, presha 124/78. Nadhani ni ukoma, na neva imeshambuliwa. Dawa za ukoma zipo kwa mratibu wa wilaya, prednisolone ipo. Maswali: 1. Je, unakubaliana na utambuzi? 2. Nianze prednisolone leo, na kwa kipimo gani? 3. Dalili gani ikitokea nimtume Moshi?"

Angalia kilichofanyika. Umri na kazi vimetajwa. Muda umetajwa. Dawa zilizokwishatumika zimetajwa, na hapa sisitiza sana, maana wagonjwa wengi wa ngozi wamepitia krimu za dukani zenye steroidi ndani. Mwombe alete tyubu yenyewe. Kisha tabibu ametoa wazo lake. Matabibu wengi huogopa kuandika wazo lao mbele ya bingwa, kwa heshima au kwa hofu ya kuonekana hawajui. Liandike. Bingwa atasahihisha wazo lako, na kusahihishwa huko ndiko kujifunza kwenyewe. Asipoliona atajibu swali, lakini wewe utabaki ulipokuwa.

Mwisho kuna maswali matatu yanayojibika. La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaweka mpaka wa usalama kabla mambo hayajaharibika.

Yasiyosubiri jibu

Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa magnesiamu salfeti sasa hivi. Mfupa uliotokeza nje ya ngozi unaoshwa, unafunikwa, antibayotiki inaanza, na rufaa inaandikwa. Mtoto anayepumua kwa shida anawekewa oksijeni. Hali hizi hazitumwi na kusubiriwa. Ukihitaji msaada, piga simu ya sauti kwa hospitali ya rufaa huku mikono inafanya kazi, na gari linatayarishwa. Bandikeni orodha ya hali za namna hii juu ya meza ya simu ya tiba mtandao, ili mtu mpya asije akaandika ujumbe mrefu wakati mgonjwa anazimika.

Hatua ya nane: jibu likifika

Lisome mara mbili, kisha ulinganishe na mgonjwa aliye mbele yako. Kama halifanani naye, usilitekeleze. Rudi uulize. Bingwa ameona picha, wewe umeona mtu, na heshima kwa bingwa haiondoi wajibu wako wa kusema "Daktari, naomba unifafanulie, kwa sababu mgonjwa huyu ana hili na hili."

Ushauri unakiliwe kwenye faili la mgonjwa siku hiyohiyo, pamoja na ulichoamua kufanya. Mgonjwa aelezwe alichosema bingwa. Baada ya wiki mbili au mwezi, mrudishie bingwa habari: baka limepungua, kidole kimepata nguvu, au mgonjwa hakurudi. Wengi huisahau hatua hii. Daktari wa kujitolea hadai posho, lakini anataka kujua kama alisaidia, na asipojua kwa miezi mingi, shauku yake hufifia. Tena asipoletewa matokeo, makosa yake naye hayajui.

Kwa bingwa anayejibu kutoka mbali

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Uponyaji huo una masharti yake, nami nakuandikia kwa upendo.

Soma ukurasa wa hospitali kabla ya kujibu. Pata pia mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu ya nchi husika, maana tabibu hawezi kutumia dawa isiyo kwenye orodha hata kama ni nzuri kiasi gani. Anza jibu lako na jambo la kufanya leo. Kisha eleza sababu kwa sentensi mbili tatu, siyo ukurasa. Malizia na dalili ya kumtuma mgonjwa mbele. Andika kipimo cha dawa kwa ukamilifu, miligramu na siku, kwa sababu atakayekisoma huenda ni muuguzi wa zamu saa nane za usiku. Ukiwa huna hakika, sema huna hakika. Usimfokee anayeuliza swali la msingi. Tabibu aliyefokewa mara moja hataliuliza swali la pili, na gharama ya ukimya wake atailipa mgonjwa.

Kama unajua Kiswahili, jibu kwa Kiswahili pale panapofaa, ukiacha majina ya dawa na magonjwa kama yalivyo kwenye miongozo. Timu nzima itasoma, mkunga na mtu wa maabara wakiwemo.

Hatua ya tisa: majibu yawe darasa

Mwaka 2003 huko New Mexico, Marekani, Dk. Sanjeev Arora alikuwa na wagonjwa wengi wa homa ya ini aina ya C waliosubiri miezi kadhaa kumwona. Badala ya kuwaona wote yeye, aliwafundisha madaktari wa kawaida wa vijijini na wa magerezani kwa vikao vya kila wiki vya video, kila mmoja akileta mgonjwa wake mezani. Mpango huo unaitwa Project ECHO. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha wagonjwa 407: waliotibiwa kliniki ya chuo kikuu walipona asilimia 57.5, na waliotibiwa na madaktari wale wa vijijini na magerezani walipona asilimia 58.2. Hakuna tofauti. Ujuzi ulikuwa umehama kweli.

Nanyi mnaweza kufanya hivyo kwa udogo wake. Mara moja kwa mwezi, kusanyeni majibu matano yaliyofunza kitu, mfute vitambulisho vyote, na mkae nusu saa na bingwa kwa video au hata kwa sauti tu. Tabibu aliyeuliza ndiye aeleze mgonjwa wake. Zahanati za jirani zialikwe.

Kuhusu muda wa kikao, kuweni makini, hasa bingwa akiwa nje. "Saa 3 usiku" kwetu ni kitu kimoja, kwa mgeni ni usiku wa manane. Andikeni "21:00, saa za Afrika Mashariki." Wakati huo Muscat ni 22:00. London ni 18:00 wakati wa baridi na 19:00 wakati wa kiangazi, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wiki hizo mbili thibitisheni kikao upya.

Hatua ya kumi: hesabu na fedha

Msimamizi aandike mambo machache kwa kila swali: tarehe ya kutumwa, tarehe ya kujibiwa, kama matibabu yalibadilika, kama rufaa iliepukwa au iliharakishwa, na mgonjwa yukoje baadaye. Rufaa iliyoharakishwa nayo ni ushindi. Tiba mtandao si mbinu ya kuwazuia wagonjwa wilayani. Kazi yake ni kumtuma anayestahili, mapema, akiwa na barua inayoeleweka kwa atakayempokea.

Daftari hilo ndilo la kupeleka kwenye kikao cha bajeti. Mkurugenzi wa halmashauri akiona nauli ambazo wananchi hawakulipa na mafuta ambayo gari la wagonjwa halikuchoma, mstari wa bando na simu mpya una nafasi ya kupita. Ombeni uingizwe kwenye mpango wa hospitali wa mwaka, usibaki kwenye hisani ya mfadhili.

Baada ya miezi mitatu kaeni msome daftari pamoja. Kama maswali ni machache, msihitimishe kwamba wagonjwa hawapo. Waulizeni matabibu faraghani kinachowazuia. Huenda simu imefungiwa kabatini kwa mtu anayeondoka saa tisa na nusu, huenda fomu ni ndefu, huenda kuna aliyejibiwa vibaya. Rekebisheni hilo kwanza. Kama majibu yanafika ndani ya siku mbili na yanatekelezeka, fungueni tena rejista ya rufaa na mchague fani ya pili.